Bluu ya Kufulia

Nimestaafu. Neno hili nalitamka asubuhi kabla sijatoka kitandani, nalitamka tena nikiwa na mswaki mdomoni, na jana nililitamka mbele ya kuku wangu, ambao hawakuonyesha kushangaa. Saa kumi na moja alfajiri nazinduka kwa mazoea, natafuta viatu gizani, halafu nakumbuka kwamba hakuna kengele inayoningoja. Narudi kulala kwa makusudi kabisa. Usingizi hauji, lakini nalala hivyo hivyo nikijichekea mwenyewe.

Ninyi wenzangu mnaobaki na chaki mliniaga vizuri mno. Mlinivisha khanga mbili, mkanipa godoro, mkanibeba juujuu mpaka nikaogopa kwa ajili ya migongo yenu. Kisha kijana wetu Mwalimu Tumaini, anayerithi vipindi vyangu vya Sayansi darasa la tano hadi la saba, akasimama na kuuliza swali la heshima. Alisema mtaala una mada nyingi, vitabu vinabadilika kila tukivizoea, basi mimi niliyezeekea humo nimwambie: ukiuweka mtihani pembeni, mtoto wa madarasa ya juu ajue nini hasa cha sayansi?

Mnakumbuka nilichojibu. Nilipaliwa na maji mbele ya Afisa Elimu Kata, nikakohoa mpaka mtandio ukaanguka, nikaanza kucheka na nisiweze kunyamaza. Wengine mlidhani ni machozi ya kuaga, mkanipa leso. Haikuwa hivyo. Naandika haya ili nimjibu Tumaini, na ili mjue yale maji yalitoka wapi.

Nilianza kazi Nachingwea mjini, binti wa Songea mwenye sanduku la bati, ndoo ya plastiki na cheti cha ualimu cha Daraja A ambacho nilikuwa nimekifunga kwenye nailoni mara mbili kisije kikapata unyevu. Kipindi changu cha kwanza kilikuwa darasa la tano, mada ya umeme. Nilichora ubaoni betri, swichi na glopu, nikaweka mishale, nikawakaririsha. Nilipouliza glopu itawaka lini, darasa zima likajibu kwa sauti moja iliyotikisa bati: sakiti ikikamilika, mwalimu. Nilijisikia nimezaliwa kufundisha. Nikageuka kufuta ubao huku nikitabasamu peke yangu.

Dirishani alikuwa amesimama mzee mfupi, Mmakua, suruali yake ina chaki hadi magotini. Huyo ndiye Mwalimu Mrope, mkuu wa idara ya Sayansi, idara iliyokuwa na watu wawili, yeye na mimi. Aliomba ruhusa ya kuingia kama mgeni. Akatoa mfukoni betri moja ya tochi, glopu ndogo na kipande kimoja cha waya, akampa mtoto aliyekuwa amejibu kwa sauti kubwa kuliko wote, akamwambia aiwashe. Mtoto akagusisha hapa, akagusisha pale, akaishia kuipuliza. Akapewa mwingine, na mwingine. Wote wakashindwa. Mwalimu Mrope akakichukua kile kifurushi, akanikabidhi mimi kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Nami nikashindwa.

Wanangu, sikuwahi kuona watoto wakifurahi namna ile. Walikuwa hawanicheki, walikuwa wanasogea. Kabla kengele haijalia walikuwa wamenizunguka wamenibana kwenye meza, kila mmoja ana ushauri, mpaka binti mmoja akageuza betri, akaikalisha glopu juu ya chuma chake na kuuzungusha waya kutoka kitako cha betri hadi ubavuni mwa glopu. Ikawaka. Kelele iliyopigwa pale ilimleta mwalimu wa zamu na fimbo yake. Mwalimu Mrope akamwambia hakuna kosa lililotendeka, ni umeme tu umefika darasa la tano.

Alikuwa na kasha la mbao lililowahi kubebea sabuni, na ndani yake ndiyo maabara yote ya shule. Kulikuwa na mpira wa dripu kutoka zahanati, bomba la sindano lisilo na sindano, sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio mbovu, spoki za baiskeli, kioo cha tochi, chemni ya taa iliyopasuka, na pakiti ya bluu ya kufulia. Kila kitu kilikuwa na kazi zaidi ya tatu. Mtoto akimuuliza swali lolote, hata lile ambalo jibu lake lilikuwa kitabuni ukurasa uliofunguliwa, jibu lake lilikuwa neno moja: "Tukaone." Na kweli tulikwenda. Tulikwenda kwenye mashine ya kusaga kuona mkanda unavyozungusha gurudumu dogo haraka kuliko kubwa. Tulikwenda kwa fundi baiskeli, ambaye alitufukuza, kisha akatuita, kisha akakataa tuondoke mpaka amalize kutueleza giya.

Nilipopata uhamisho kwenda shule ya kijiji kule kata ya Nanganga, upande wa Ruangwa, Mwalimu Mrope aligawa kasha lake nusu kwa nusu bila kuniuliza. Bluu akanipa yote. Alisema yeye anaelekea kustaafu na nguo zake nyeupe zimeshakuwa za kahawia, haziponi tena.

Siku ya kwanza pale kijijini nilipelekwa kusalimia mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Nampunju, Mmwera wa kutupwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kabila. Nilipotaja Mngoni akapiga kofi, akainuka, akaizunguka nyumba nzima akiwaambia watu wafiche kuku. Kwa msiotoka huku: babu zetu Wangoni waliwahi kuwafukuza Wamwera mpaka kwenye mapango, na vita vilipokwisha ukabaki utani. Mtani akikusema vibaya hukasiriki. Akichukua jembe lako unacheka kwanza, kulia utalia ukifika nyumbani. Na neno ambalo mtani amelisema mbele za watu halifutiki, hata kama alilisema kwa kucheka. Nilidhani haya ni mambo ya misibani tu. Sikujua kwamba nitafundishia sayansi humo kwa miaka mingi.

Tuliingia kwenye mambo mapema, kwenye mada ya usanisinuru. Nilitaka watoto waone kwa macho kwamba jani hutengeneza chakula likipata jua. Unaziba nusu ya jani kwa karatasi nyeusi, unaliacha mtini, baadaye unalichemsha, unalitoa rangi ya kijani kwa spiriti, kisha unalidondoshea iodini. Iodini nilipewa zahanati, matone ya kuhesabu kwa jicho. Spiriti haikuwepo. Mama mmoja jirani wa shule, mpishi mashuhuri wa gongo ya mabibo, ile pombe haramu ya matunda ya mkorosho, akasikia shida yangu. Alikuja jioni, akaweka chupa chini ya dirisha langu, akaondoka akiwa ameangalia upande mwingine.

Hapa nisikilizeni kwa makini, maana hili halina utani. Kileo kikali hakiwekwi juu ya moto hata siku moja. Chemsha maji, zima moto, ndipo kopo lenye kileo na jani likalie ndani ya maji ya moto. Tulifanya hivyo, jani likaanza kupauka, na harufu ikatoka darasa la sita ikaelekea njiani, ambako Mzee Nampunju alikuwa anapita. Alisimama dirishani akavuta pumzi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kesho yake kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba Mngoni amekosa wa kunywa naye, sasa analevya majani. Mwalimu mkuu aliagiza chupa imwagwe na akasimamia mwenyewe kumwagwa kwake. Kwa nini alikwenda kuimwagia nyumbani sikuuliza. Lakini jani lilifanya kazi yake: nusu iliyoona jua iligeuka nyeusi yenye ubluu, na nusu iliyozibwa haikubadilika. Watoto walilipitisha mkononi mpaka likachanika.

Sasa nije kwenye jiwe.

Shule yetu ilikuwa na choo kimoja ambacho mlango wake ulikuwa gunia. Wavulana hawakujali, wao walikuwa na pori. Lakini darasa la sita hufundishwa balehe, na mimi niliyekuwa nikiifundisha nilijua wasichana wangu wanakwenda wapi wanapokuwa kwenye hedhi. Walikuwa hawaendi popote. Walikaa nyumbani. Kila mwezi nilikuwa napoteza madawati, kisha yanarudi yakiwa hayakuona nilichofundisha. Nilipiga kelele kwenye kamati mpaka wazazi wakakubali kuchimba choo cha wasichana chenye mlango wa mbao na komeo la ndani.

Shimo lilipofika kifuani, sululu ikagonga jiwe. Halikuwa jiwe la kuokota. Lilijaa shimo zima kama ugali ndani ya sufuria. Wanaume walipiga nyundo, mipini ikavunjika, cheche zikaruka, jiwe likabaki na doa jeupe. Ukaitishwa mkutano wa wazazi na uamuzi ukawa mwepesi: shimo lihamishwe. Lihamie wapi? Upande mmoja ni mikorosho ya mtu. Upande mwingine ni uwanja wa mpira, na hakuna mwenye ubavu wa kugusa uwanja wa mpira. Kilichobaki ni ule mteremko wenye udongo laini, na chini yake kidogo kulikuwa na kisima kinachonywesha nusu ya kijiji.

Nilisimama nikasema choo hakikai juu ya kisima. Nikasema habari za udongo, mteremko na minyoo. Watu walinisikiliza kwa upole wa kumsikiliza mgonjwa. Mzee Nampunju akiwa mwenyekiti akanijibu kwamba maneno wameyasikia, ila maneno ya Kingoni hayajazi ndoo. Akanipa hadi mkutano wa Jumapili inayofuata, kama nina cha kuonyesha nikionyeshe.

Darasani niliwaeleza watoto hali ilivyo, yote. Kulikuwa na binti anaitwa Somoe, mwembamba, mwenye maswali yasiyokwisha, na alikuwa mjukuu wa Mzee Nampunju. Ndiye aliyesema tutengeneze mteremko wetu wenyewe. Tulichukua karai kubwa, tukalijaza udongo wa pale pale mteremkoni, tukalikalisha juu ya tofali liiname. Chini tukafukua kijishimo, kikawa kisima. Juu tukafukua kingine, kikawa choo, nikatia bluu ya Mwalimu Mrope. Kisha watoto wakanyesha mvua kwa kopo lililotobolewa kitako. Mvua ya kwanza, kisima kikapata maji meupe. Ya pili, meupe. Wavulana wakaanza kuchoka na kutazama uwanjani. Somoe alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, jicho kwenye ukingo wa karai, hapepesi. Kisha akasema taratibu, "Inakuja."

Ilikuja kweli, uzi mwembamba wa bluu ukichungulia kwenye ukuta wa kisima. Darasa zima lilijirusha juu ya karai, nusu likapinduka. Mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye cheti, niliruka na kushikana mikono na watoto mpaka mwalimu wa darasa la nne akaja kuuliza nani kashinda.

Jumapili tukalibeba karai hadi mkutanoni na tukafanya tena mbele ya wazazi. Bluu ikaingia kisimani wote wakitazama. Nikadhani nimeshinda. Mzee Nampunju akainama, akachovya kidole, akakitazama, akageukia watu.

"Hii ni bluu," alisema. "Kinyesi si bluu."

Mkutano ulikufa kwa kicheko. Walicheka mpaka akina mama wakafunga upya khanga. Nami nilicheka, utani ni utani, ila ndani nilikuwa nimevunjika kabisa. Yeye akaendelea kwamba hata kama nasema kweli, jiwe liko pale pale, na kama sayansi yangu ina nguvu basi ilitoe. Mvua za kwanza zikinyesha jiwe likiwa bado shimoni, choo kinachimbwa juu ya kisima, na mimi nitampelekea ugali nikiwa nimepiga magoti mbele ya kijiji. Likitoka, yeye atalichimba lile shimo lililobaki kwa mkono wake, peke yake. Watu wakapiga vigelegele. Neno lilikuwa limeshasemwa mbele za watu.

Wiki hiyo tulikuwa kwenye mada ya kutanuka na kusinyaa. Nilitoa chemni iliyopasuka nikauliza nani anajua ilipasukaje. Mikono yote juu, maana hakuna nyumba ambayo tone la maji halijawahi kuvunja chemni ya moto na kumletea mtu kipigo. Nikaeleza kioo kikipata joto hutanuka, na kikipozwa ghafla upande mmoja, upande ule husinyaa kabla ya mwenzake, ndipo kinaachana. Somoe akanyoosha mkono. Aliuliza kama jiwe nalo ni hivyo hivyo.

Sikuwa najua. Nilikuwa na hamu ya kujua mpaka miguu ikaniwasha. Nikasema tukaone.

Tulichoma mawe madogo nyuma ya jiko la shule na kuyamwagia maji. Mengine yalipasuka vizuri, mengine yalinuna tu. Moja, ambalo mtoto alikuwa ameliokota mtoni likiwa na unyevu ndani, halikungoja hata maji. Liliruka motoni likapita juu ya ukuta likatua kwenye chai ya mwalimu mkuu. Kuanzia hapo tuliweka sheria: mawe ya mtoni marufuku, na kila mtu asimame nyuma ya kamba, hata mwenye haraka ya kuona. Mwalimu mkuu alisimama nyuma ya kamba na kikombe chake akiwa amekifunika kwa kiganja.

Jaribio la kwanza kwenye jiwe lenyewe lilikuwa aibu tupu. Kila mtoto alileta kijiti, tukapata moto wa kuchomea mihogo. Tulipomwaga maji ukapanda mvuke mzuri, jiwe likatoa sauti ya kuguna, basi. Mzee Nampunju alikuwepo. Akatangaza kwamba Mngoni amelichemshia jiwe maji ya kuoga. Wazazi wakagoma kutoa kuni nyingine, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Nachingwea kila alasiri. Mtu mmoja tu kijijini alikuwa na kuni za kutosha, magogo makavu ya mikorosho mizee aliyoiangusha mwaka uliopita. Bila shaka mnamjua.

Nilikwenda kwake jioni nikiwa nimekwisha kujiandaa kushindwa. Nilimkuta uani, na Somoe akiwa kwenye mkeka anapukuchua mbaazi. Kwa desturi za huku binti hamwambii baba yake habari za mwili wake, hata kwa kumzunguka. Lakini babu na mjukuu nao ni watani. Babu anaambiwa lisilosemeka.

"Babu," Somoe alikuwa anasema, "zile kuni zako unazitunzia mazishi?"

"Nikifa mtawapikia wageni."

"Basi ufe mapema. Sisi tunazitaka Jumamosi."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Somoe hakucheka. Aliendelea kupukuchua, akasema bila kuinua uso.

"Mwezi huu nilikaa nyumbani, na ule uliopita. Baba anajua nina malaria. Siyo malaria, babu. Choo cha shule mlango wake gunia, na mimi nimeshakuwa mkubwa. Siku ile ya karai niliiona bluu kwa sababu siku zangu zilikuwa hazijafika. Zingefika, wangeiona wengine."

Mzee Nampunju alinigeukia. Aliniuliza kama nilikuwa najua habari hii, nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini sikuisema mkutanoni. Nikamuuliza ningeisema vipi mbele ya baba zao. Akatikisa kichwa, akainuka, akachukua shoka lililokuwa limeegemea ukuta.

"Kuni chukueni," alisema. "Lakini dau liko pale pale. Lisipopasuka, ugali."

Jumamosi ile moto uliwashwa na wanaume kukiwa bado na umande, ukala magogo ya mkorosho mpaka alasiri. Kuna waliotaka kutupia na maganda ya korosho, maana yanawaka kwa hasira. Nilikataa. Moshi wake unababua macho na ngozi, na msithubutu kuutumia karibu na watoto. Kwa maji tulifunga mianzi iliyopasuliwa, mmoja ukipokea mwingine, kutoka kwenye pipa lililowekwa juu kwenye kichuguu hadi mdomo wa shimo, ili pasiwe na mtu karibu. Pipa lilizibwa kwa kizibo chenye kamba ndefu. Ilipofika wakati wa kuchagua wa kuvuta kamba, darasa lenyewe lilitaja jina la Somoe.

Akavuta. Maji yakashuka mfereji wa mianzi, yakaingia shimoni, na mvuke ukapanda mweupe mpaka tusiuone upande wa pili wa kijiji. Kisha ikaja sauti. Ilikuwa mlio mmoja mkavu, kaa, na baada yake mingine midogo midogo. Hakuna aliyesogea. Niliwazuia mpaka pakapoa kabisa, nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya serikalini. Tulipochungulia, jiwe lilikuwa na ufa ambao ungeingiza mkono, na nyufa nyingine zimetoka kwake pande zote.

Siwezi kuwaelezea furaha ile. Watoto walikuwa wanapiga makelele ya kutanuka, kusinyaa, kutanuka, kusinyaa, wanaruka kwa mdundo. Mwalimu mkuu alicheza. Mama wa gongo alicheza. Mimi nilivua viatu nikakimbia nikizunguka uwanja wa mpira, ule usioguswa, na hakuna aliyenizuia.

Jumatatu tukaingia mada ya mashine rahisi. Mtaimbo ukawa wenzo, kipande cha gogo kikawa egemeo, wavulana wanene wakashangaa Somoe mwembamba anainua bonge la jiwe kwa kusogeza egemeo tu. Baba zao walishuka shimoni kulifunga kamba, na darasa likalivuta kwa roda iliyoazimwa kanisani. Mzee Nampunju akachimba kilichobaki, peke yake, kama alivyosema. Watani wote wa eneo lile walikuja kukaa ukingoni kumtukana. Alichimba akijibu kila tusi. Mchana nilimpelekea ugali na kuku, na nikapiga magoti kumpa, maana kwa furaha ile nisingeweza kusimama. Mvua za kwanza zilikuta mlango umeshafungwa na komeo la ndani linafanya kazi. Mwaka ule sikupoteza dawati.

Nilirudi Nachingwea kumalizia kazi, nikajenga hapa Nambambo. Somoe sasa ni muuguzi. Ananipigia simu akiwa zamu, anacheka, anakata kabla sijamaliza kumsalimia.

Basi Tumaini, mwanangu, hili ndilo nililoshindwa kukujibu. Mtoto wako ajue maji yanashukia wapi na yanabeba nini. Ajue mwili wake unafanya nini na asiuonee haya, na kama kuna haya ajue wa kumwambia. Ajue glopu inawaka kwa mkono wake, siyo kwa kukariri. Mengine yamo kitabuni. Na akikuuliza usichokijua, usikohoe, usimkemee, tokeni nje mwende. Kasha nimekuachia kabatini. Bluu imekwisha, nunua nyingine.

Sasa yale maji. Siku ya kuniaga, wakati wewe unasimama kuuliza, bodaboda ilisimama mlangoni, akashushwa mzee mkavu mwenye kofia, ameshika chupa ya plastiki. Alikuwa ametoka Nanganga asubuhi. Alipita katikati ya wageni waheshimiwa, akaja hadi mezani kwangu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni maji ya kisima kile cha mteremkoni, ameyachemsha, Somoe alimsimamia kwa simu. Akafungua chupa, akanywa kwanza yeye funda moja, akanimiminia glasi. Nilikuwa nimeshaweka maji mdomoni, na wewe Tumaini ndiyo kwanza unamalizia swali lako, alipoinama sikioni mwangu.

"Kunywa, Mngoni," alisema. "Hayana bluu."